Nilikwenda Leipzig kwa semesta moja, nikarudi na 1.7

Watu wakisikia kwamba nilisoma semesta moja Ujerumani huanza na baridi. Wakimaliza baridi wanahamia kwenye chakula, kisha wanashusha sauti na kuuliza kuhusu ubaguzi, kisha wanaipandisha tena na kuuliza kama nimerudi na chochote mfukoni. Krediti, yaani vipimo vya uzito wa kozi, haziulizwi. Na mimi krediti ndizo zilizoninyima usingizi. Baridi ina dawa na dawa yenyewe inauzwa: koti langu nililichambua kwenye mitumba ya Sabasaba kabla sijaondoka, na nilipofika Leipzig nikakuta ni zito kuliko ya wenyeji wengi.

Nasoma jiografia na mazingira katika chuo kimoja hapa Dodoma. Nafasi niliipata kupitia Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya unaowagharamia wanafunzi wakasome muhula mmoja au miwili kwenye chuo chenye makubaliano na chao, kisha warudi kumalizia nyumbani. Chuo kinachokupokea hakikutozi ada. Unabaki mwanafunzi wa hapa, digrii ni ya hapa, na kila utakachosoma kule lazima kipate pa kukaa kwenye transkripti ya hapa. Kisipopata, ulikwenda kutalii.

Hapo ndipo hesabu inapoanza. TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, inauhesabu mwaka mmoja wa masomo kuwa krediti 120. Ulaya mwaka kama huo ni krediti 60, na semesta ni 30. Kwa hiyo ukipiga kwa mwaka, krediti moja ya kule inabeba mbili za huku, na kozi ya krediti 5 ambayo ukiiona unaidharau ni sawa na ya krediti 10 uliyozoea kuilalamikia. Kabla ya kuondoka unajaza mkataba wa masomo unaosainiwa na pande tatu: wewe, chuo chako na chuo kinachokupokea. Kila kozi ya kule unaionyesha itakaa badala ya ipi.

Nilimpelekea mkuu wa idara orodha yangu nikiwa nimependeza. Akaisoma taratibu, akavua miwani.

“Haya ni majina. Ndani yake kuna nini?”

Alitaka mada za kila wiki, saa za darasani, namna ya kupima na vitabu. Wakati ule niliona ananizungusha. Nikaandika barua pepe Leipzig kuomba maelezo ya kila kozi, na hawakuchelewa kunitumia faili nene ambalo lilikuwa wazi kwenye tovuti yao tangu mwanzo. Tukakaa naye tukalinganisha mada kwa mada. Sayansi ya udongo ilikubalika. Ramani za kompyuta zilikubalika bila ubishi. Semina moja kuhusu ardhi na ufugaji Afrika Mashariki haikuwa na pacha kwetu, lakini mzee akasema tuiweke kama opsheni, kozi ya hiari. Takwimu aliiangalia muda mrefu, akaguna, akasaini huku akiweka alama ya kuuliza kwa penseli. Hiyo alama ya penseli nitairudia.

Viza ni habari ya Dar es Salaam, kwenye jengo la Umoja House, uliko ubalozi wa Ujerumani. Zamani safari hiyo ilikuwa ya kulala njiani au kulala kwa ndugu. Siku hizi unapanda treni ya SGR asubuhi kwa shilingi 31,000, unafanya shughuli yako na jioni uko Dodoma, ingawa bado utahangaika na foleni za mjini Dar kama hukujipangia muda. Aliye na barua ya ufadhili ana ahueni kubwa. Anayekwenda kwa kujitegemea huonyesha kwamba ana euro 11,904 za kujikimu kwa mwaka kwenye akaunti maalumu inayomruhusu kutoa kidogo kidogo kila mwezi, na hicho ndicho kiwango kilichoanza Septemba 2024. Nawaambia wadogo zangu mapema, maana nimewaona waliopata barua ya kukubaliwa, wakafanya sherehe, ndipo wakasikia habari ya hiyo akaunti.

Kuhusu muda wa kwenda nina msimamo. Semesta yao ya baridi huanza Oktoba na kuisha Machi, na vipindi vyenyewe hukoma mapema Februari. Inaendana na ya kwetu vizuri zaidi. Ile ya kiangazi ni Aprili hadi Septemba, na vipindi vinakwenda mpaka Julai, kwa hiyo itakumegea muda wa field, yale mafunzo ya vitendo. Na ukishafika mwaka wa mwisho, mwenye utafiti wa kuandika, mimi nakushauri ubaki.

Mambo ya kila siku ya kule nitayapitia haraka kwa sababu yanazoeleka. Kwenye tramu hakuna konda wa kukukumbusha nauli. Unanunua tiketi mwenyewe, na siku wakaguzi wakipanda, nao wamevaa nguo za kawaida tu, asiye na tiketi analipa euro 60. Jumapili maduka yanafungwa, kwa hiyo mtu wa Majengo aliyezoea kwenda sokoni baada ya ibada atalala njaa wiki ya kwanza. Chupa nyingi za plastiki za soda na maji zina amana ya senti 25, na ukizirudisha kwenye mashine ya dukani unapata pesa yako. Takataka zina mapipa ya rangi mbalimbali, na jirani ataiona tu karatasi yako kwenye pipa la maganda. Unga nilikuwa nanunua mtaa wa Eisenbahnstraße, wenye maduka mengi ya wahamiaji, na ulipokosekana nilisonga wa polenta, wa njano na wenye chenga, unaotaka mkono wa mtu aliyelelewa kwenye ugali wa uwele. Ubaguzi upo. Mimi nilikutana nao kwenye macho zaidi ya maneno, na sitaupamba wala kuukuza.

Giza ndilo sikulitegemea. Mwezi wa kumi na mbili jua la Leipzig linachomoza saa mbili na robo asubuhi na saa kumi jioni limeshazama, na mara nyingi katikati yake liko nyuma ya mawingu. Sisi Dodoma jua tunalikimbia. Tunatafuta kivuli cha mwembe, tunasukuma kimbweta, benchi letu la kusomea nje, kiingie ndani ya kivuli kama kinasukumika. Kule niliona watu wakifunga kompyuta zao saa sita mchana na kutoka kwenda kusimama ukutani, uso juu, macho yamefumbwa, eti kuna jua. Nilicheka. Ilipofika Januari nilikuwa nasimama nao.

Jambo zito zaidi lilikuwa la kuulizwa. Huku kwetu hata ukitoka bafuni unaulizwa umeamkaje, nyumbani hawajambo, umeshakunywa chai. Inachosha, wala sikatai. Kule nilikaa nyumba moja na wanafunzi watatu tukichangia jiko, na wiki ziliweza kupita tunapishana kwa “halo” tu. Niliamini hawanipendi. Siku moja mmoja wao akanigongea mlango akiwa ameshika simu yake, ameifungua kwenye kalenda, akaniuliza kama nina nafasi Alhamisi ya wiki ya pili saa moja jioni. Nikadhani kuna kikao cha nyumba. Kumbe ni chai. Alhamisi hiyo ilipofika alikuwa ameoka keki, na tulikaa mpaka usiku mkubwa tukiongea mambo ambayo huku hata mtu wa chumba kimoja haniulizi: baba yako mlielewana, unaogopa nini, unaamini kwa sababu gani. Nikaelewa kwamba kwao salamu ni fupi lakini miadi ni ahadi, na ukialikwa ujue umetengewa muda wote.

Nilimuuliza nami, kwa zamu yangu, walifundishwa nini shuleni kuhusu Tanganyika. Alikuwa hajui kwamba Ujerumani iliwahi kututawala. Nikamwambia juu ya Maji Maji, na juu ya reli iliyotoka Dar es Salaam, ikapita hapa Dodoma na kufika Kigoma mwaka 1914, ambayo bado tunaipanda. Alinyamaza, halafu akaenda kutafuta mwenyewe, na kesho yake alikuwa na maswali kuliko mimi.

Kiswahili pia kilinifungulia mlango. Leipzig ni mmoja wa miji ya Ujerumani ambako lugha yetu inafundishwa chuo kikuu, na wanafunzi wake hutafuta mtu wa kubadilishana naye: saa moja ya Kijerumani, saa moja ya Kiswahili. Dada niliyepangiwa ni wa rika langu kabisa, na siku ya kwanza alinipa shikamoo ya heshima kwa sauti kubwa ndani ya mgahawa. Ningefanyaje? Nikaitikia marahaba, nikakaa kama mjumbe wa nyumba kumi.

Sasa nije darasani, maana huko ndiko nilikotumwa.

Ratiba ikisema kipindi ni saa nne, mara nyingi mwalimu anaanza saa nne na robo; ni desturi ya vyuo vyao ya zamani na kila mtu anaijua isipokuwa mgeni aliyekaa peke yake kwenye ukumbi mtupu. Kipindi kikiisha hawapigi makofi. Wanagonga meza kwa vifundo vya vidole, ukumbi mzima, kishindo kama cha mvua ya kwanza kwenye bati. Mara ya kwanza nilidhani wamekasirika na nikaanza kukusanya madaftari yangu haraka. Kwenye mihadhara mingi mahudhurio hayaitwi. Kozi weki yangu niliyoizoea, zile alama 40 unazozikusanya kwa majaribio na kazi za vikundi ili UE, mtihani wa mwisho wa semesta, ikukute una kitu mkononi, haipo. Kozi zangu zote zilikuwa mtihani mmoja au andiko moja, na hilo ndilo lote. Kwa mtu wa 40 kwa 60 hii ni hofu ya kweli. Unaweza kufika Januari hujui kabisa kama unaelewa au unajidanganya, na madesa ya mwaka jana hayasaidii kwa sababu hakuna anayejibu swali kwa kulikariri.

Semina ndiyo ilikuwa kitu kingine. Watu kumi na kitu mezani, makala mmeshaisoma nyumbani, na dakika 90 ni za kubishana. Profesa mwenyewe alikuwa anasema sentensi tatu na kunyamaza. Vijana wa mwaka wa pili walimwambia usoni kwamba hoja yake imepwaya, naye akaandika. Mimi wiki za mwanzo nilikaa kimya kwa adabu. Kwetu anayeuliza sana dakika kumi kabla ya kipindi kuisha anazomewa na wenzake kwamba anatuchelewesha chakula, na anayembishia mwalimu anatafuta sapu, mtihani wa marudio. Nilikuwa sijui kwamba pale kimya changu kilikuwa kinasomwa kama mtu ambaye hakusoma makala. Profesa aliniambia hivyo nilipokwenda ofisini kwake, kwa upole lakini bila kuzunguka.

Wiki iliyofuata ikaja makala kuhusu Kondoa.

Mimi ni wa Kondoa. Makala ilihusu HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, mradi uliofadhiliwa na Sweden na kuanza mwaka 1973, wakati ardhi ya milima ile ilikuwa imechimbika makorongo ya kumeza nyumba. Mwaka 1979 ikatoka amri mifugo yote iondoke kwenye eneo lililoharibika, kilomita za mraba 1,256. Nyasi zikarudi, miti ikarudi, na eneo lile likawa mfano unaotajwa na watafiti wa udongo sehemu nyingi. Darasa lote likasifu. Mmoja akauliza kama mbinu hiyo inaweza kutumika kwingine. Nikawa nasoma jina la Haubi kwenye ukurasa, kijiji cha bibi yangu mzaa mama, na nikagundua kwamba juu ya 1979 sijui chochote zaidi ya kilichoandikwa na yule mwandishi. Nimelala kwenye nyumba ya bibi likizo zote za utoto na sikuwahi kumuuliza ng'ombe walikwenda wapi.

Nilisema nitafanya wasilisho. Halafu nikampigia binamu yangu anipelekee simu kwa bibi.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mjukuu wangu. Huko unakula?”

Tulimaliza ya kula, ya baridi na ya kanisa, ndipo nikauliza. Alinyamaza kwanza, nikadhani mtandao umekata. Kisha alisimulia kwa kirefu, na siku zilizofuata binamu akawa ananitumia sauti yake vipande vipande kwa WhatsApp, kuku wakilia nyuma. Babu aliwapeleka ng'ombe kwa shemeji zake nje ya mpaka wa eneo. Wengine walikufa njiani, wengine walizaa huko na ukoo ukagombana juu ya ndama. Shamba likakosa samadi. “Majani yalirudi, siwezi kusema uongo,” alisema. “Korongo la kule chini lilikuwa linakuja nyumbani, likasimama. Lakini mimi nilikuwa na watoto wadogo, na mtoto hanywi majani.” Miaka ya baadaye waliporuhusiwa kufuga tena, ilikuwa ng'ombe wachache wa zizini wa kukatiwa majani, na mkataji alikuwa yeye. Mwisho akauliza hao Wazungu wanaosoma habari zetu, wao nani aliwaondolea ng'ombe. Swali hilo nililiweka kwenye wasilisho kama lilivyo.

Siku ya kuwasilisha nilisema kwamba makala imepima udongo vizuri ndani ya mpaka na haikupima chochote nje ya mpaka, kule mifugo ilikokwenda kula. Kwamba maziwa na samadi navyo vilistahili kuhesabiwa. Nilitetemeka sauti dakika za mwanzo. Ubishi uliofuata ulikuwa mkali, na haukuwa wa kunionea huruma: mmoja alitaka kujua kwa nini kumbukumbu ya mtu mmoja baada ya miaka zaidi ya 40 ipewe uzito sawa na picha za angani. Ni swali zuri, nami sikuwa na jibu la kutosha. Profesa akasema dawa yake ni kuyaandika mazungumzo yale kama ushahidi wa kitafiti: tarehe, mahali, ridhaa ya msimulizi, na kutafuta wasimulizi wengine wanaotofautiana naye. Nilimuomba bibi ridhaa. Akakubali, kwa sharti kwamba jina lake nisilitaje, niandike tu bibi wa Haubi. Binamu akatafuta wazee wengine wawili, na mmoja alisema amri ile ilikuwa kitu bora kabisa kilichowahi kutokea kijijini. Nikamweka naye.

Andiko la semina lilitakiwa mwisho wa Machi, na hilo mjiandae nalo: vipindi vinaisha Februari, unarudi nyumbani, huku semesta imeshaanza, na deni la kule bado unalo. Niliandika kurasa zangu usiku kwenye vimbweta, upepo wa Dodoma ukigeuza karatasi, wenzangu wakisubiri bumu, pesa ya kujikimu ya mkopo, na kunitania kwamba Mjerumani bado hajanikomboa.

Matokeo yalipokuja nilikuwa nimekaa nao. Semina: 1.7. Yule aliyekuwa begani kwangu alishika mdomo. Hapa GPA ya 1.7 ni ya mtu anayefungasha godoro. Ikabidi nieleze kwamba Ujerumani 1.0 ndiyo ya juu kabisa, 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu, na 5.0, ambayo kwetu ni ndoto ya kila mtu, kule umefeli. Waliamini kwa shingo upande. Mama sikumwonyesha mpaka nilipopata tafsiri ya idara.

Tafsiri yenyewe hufanywa kwa fomula inayoitwa ya Kibavaria, ambayo vyuo vya Ujerumani huitumia kubadili alama za kigeni, na ukiigeuza inafanya kazi upande wa pili. Kwa mfumo wetu, wenye 5 juu na 2 chini ya kufaulu, inarahisika mpaka kuwa kutoa tu: 6 toa alama yako. Kwa hiyo 1.7 ikawa 4.3. Wenye kujua wataona uchungu uliomo, maana daraja la kwanza linaanzia 4.4. Udongo na ramani vilikaa salama. Yote matatu yaliingia bila safari ya pili ofisini, kwa sababu ya yale makaratasi ya mada kwa mada ambayo nilidhani ni kuzungushwa.

Takwimu ndiyo iliyogoma. Ile penseli ilikuwa na haki yake: kozi ya kule haikugusa sampuli kwa kina, na ya kwetu theluthi yake ni sampuli. Mkuu wa idara alinionyesha mstari kwa mstari, nami sikuwa na la kubisha. Kwa hiyo muhula huu naisoma na wadogo zangu wa mwaka wa pili. Mmoja wao anataka kuomba nafasi mwakani na ananifuata kila kipindi kikiisha, anauliza habari za theluji. Nimemwambia theluji ataikuta. Kwanza alete orodha ya kozi, na takwimu aimalizie hapahapa.